Leseni ya Ufuoni na Lugha ya Mvuvi

Kabla ya hoteli, gati au mtambo kujengwa ufuoni au kwenye ardhioevu nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inataka athari zake zitathminiwe, ndipo NEMA iamue kutoa leseni au kuinyima. Mtaalamu wa leseni hizo hupima maji na matope, huandika ripoti, kisha wakazi huelezwa yaliyomo. Hapo kwenye kueleza ndipo mambo huharibika.

Lamu ni ushahidi. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe, wa megawati 1,050, ulipewa leseni mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira iliifuta leseni hiyo, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo baada ya ripoti kukamilika. Mikutano ya awali ya kuutambulisha mradi haikutosha.

Sheria haikuwa na upungufu. Kanuni za mwaka 2003 ziliagiza matangazo ya redio kwa lugha rasmi na za wenyeji, na maoni ya mdomo yanakiliwe pamoja na tafsiri zake. Lakini ripoti huandikwa kwa Kiingereza kizito, na Kiswahili huitwa dakika ya mwisho, mkutanoni, kama mkalimani asiyelipwa.

Hasara haimwangukii mkazi peke yake. Mvuvi wa Lamu hasemi tu “mikoko”; hutofautisha mlilana unaotangulia baharini, mkoko wenye mizizi inayosimama kama nguzo, na mkandaa ulio karibu na nchi kavu. Hutofautisha pia maji mafu na maji ya bamvua. Kwa mtu anayetafuta mahali bahari inapofikia inapojaa kabisa, hiyo ni data kamili, si “maoni ya wakazi” ya kubandikwa nyuma ya ripoti.

Nao wasomi wa Kiswahili wako wapi? Wamebishana iwapo wetland ni ardhioevu au ardhi chepechepe (ubishi mtamu, hapana shaka) bila kumwuliza anayeukanyaga udongo huo. Kanuni zile zile za 2003 zilidai ripoti iwe na muhtasari usio wa kitaalamu. Huo uandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, na mwanafunzi wa tafsiri aketi na mtaalamu wa leseni na mvuvi mmoja kabla ya ripoti kuwasilishwa, wakati bado kuna jambo la kubadilishwa.