TAHARIRI: Tovuti pacha haifai kuanzishwa na kuachwa

MKULIMA wa chai wa Githongo habebi majani yake hadi kiwandani. Huyapeleka kwenye kituo cha kununulia kilicho karibu na shamba, karani akayapima, kisha lori likapita kuyachukua. Vituo hivyo visingekuwepo, kila mtu angefunga safari yake na foleni ya kiwandani isingeisha.

Kijana wa hapo hapo Githongo anayejifunza kompyuta hana kituo cha aina hiyo. Akitaka kuweka mfumo wa Ubuntu, faili yake ni takriban gigabaiti 6, na mara nyingi huifuata hadi kwenye seva iliyo ng'ambo. Bando linaisha faili ikiwa nusu, anaanza upya. Kesho yake rafiki yake wanayeketi naye darasani anapakua faili ile ile, kwa pesa nyingine.

Dawa ya shida hii ipo, na ni ya zamani. Ni tovuti pacha, ambayo mafundi wengine huiita kioo: nakala ya tovuti ya mradi wa programu huria inayowekwa kwenye seva iliyo karibu na watumiaji, na kusasishwa kila mara ili ifanane na ile ya asili. Leseni za programu huria zinaruhusu kunakili na kusambaza, kwa hivyo hakuna anayeibiwa. Mradi wa Debian, kwa mfano, huorodhesha hadharani tovuti pacha zake za nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo.

Nchi hii ilishajifunza somo la kuweka data karibu. Hadi mwaka wa 2000, baruapepe kutoka kwa mteja wa kampuni moja ya intaneti jijini Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine humo humo jijini ilipitia ng'ambo kwa setilaiti kabla ya kurudi. Novemba mwaka huo, kampuni hizo zilifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu nchini. Telkom Kenya ikalalamika, mdhibiti wa mawasiliano akakifunga baada ya wiki chache, na kikafunguliwa tena Februari 2002. Waliokipigania walijua kwamba data ya nyumbani haina haja ya kuzurura ughaibuni.

Mei 12, 2024 tulikumbushwa tena. Kebo za EASSy na Seacom zilikatika baharini karibu na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Siku kama hiyo, faili iliyo kwenye seva ya Nairobi haihitaji kuvuka bahari kumfikia mtu wa Meru.

Wapo watakaosema kampuni kubwa za teknolojia tayari huhifadhi nakala za data zao Nairobi na Mombasa. Ni kweli, na ndiyo sababu video hufunguka haraka. Lakini miradi mingi midogo ya programu huria, ile inayotegemea watu wa kujitolea, haina pesa za kufanya hivyo. Hiyo ndiyo inayohitaji mkono wa vijana.

Kijana aliye tayari asianze na kumbukumbu nzima ya Debian, ambayo hula terabaiti kadhaa. Aanze na mradi mdogo, awaandikie wenyewe kuomba ruhusa na maelekezo, kisha atumie programu kama rsync, ambayo huleta mabadiliko pekee badala ya kunakili kila kitu upya. Kazi hiyo inaweza kukamilika wikendi moja.

Shida huja baada ya wikendi hiyo. Diski hujaa usiku bila kupiga kelele. Stima hupotea na seva hairudi yenyewe. Kumbukumbu ya Debian husasishwa mara nne kwa siku. Tovuti pacha isiyofuata ratiba huanza kugawa programu zenye mianya ya usalama ambayo wenye mradi walishaiziba. Mtumiaji wa Githongo ataamini amepata toleo jipya, kumbe amebeba mlango wazi hadi nyumbani. Ni heri angekosa kabisa.

Kwa hivyo utunzaji una masharti yake. Faili za programu ziletwe kwanza na orodha yake iletwe mwisho, la sivyo orodha itataja vitu ambavyo havijafika. Sahihi za kidijitali zikaguliwe, ili nakala isichezewe njiani. Pawe na anwani ya mawasiliano inayojibiwa. Muhimu zaidi, funguo za seva ziwe na watu wawili au watatu. Kijana mmoja akipata kazi Nairobi na kuondoka na nywila kichwani, tovuti imekufa.

Hapa ndipo taasisi zinapoingia. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru, Meru National Polytechnic na vyuo vingine vya eneo hili vina wanafunzi wanaofundishwa seva kwenye karatasi. Wapewe moja halisi, pamoja na betri ya dharura na nafasi kwenye mtandao wa chuo. Kila darasa linalohitimu likabidhi kazi kwa linalofuata, kwa maandishi. KENET, mtandao unaounganisha vyuo nchini, ni mlango wa kubisha kutafuta ushauri.

Nao vijana wasingoje kubembelezwa. Anayeketi Githongo anaweza kusimamia seva iliyo Nchiru akitumia laptopu ya kawaida, kwa sababu amri za maandishi hazili bando. Mwajiri akimuuliza amefanya nini, ataonyesha tovuti ambayo imehudumia watu miaka miwili bila kulala. Cheti hakisemi hivyo.

Kituo cha majani chai hakisifiwi kwa bango lake. Husifiwa kwa sababu siku ya kuchuma ikifika, mkulima humkuta karani na mizani yake. Anayetaka kuanzisha tovuti pacha ajiulize kwanza nani atakuwepo asubuhi.