Jina la mtu si kiwanja

Wapo wanaoshauri vijana hivi: sajili kikoa cha .com chenye jina la mtu, kilipie ada kila mwaka, subiri. Siku mwenye jina akikihitaji, atakulipa mamilioni. Wanakifananisha na kiwanja. Lakini kiwanja cha Kigamboni kina wanunuzi wengi. Kikoa chenye jina la mtu na ubini wake kina mnunuzi mmoja, na akiwa maarufu, huyo ana njia ya kukichukua bila kukununua.

Mwaka 1997 Mmarekani mmoja alisajili juliaroberts.com. Alikuwa na vikoa vingine zaidi ya hamsini, kimojawapo chenye jina la Al Pacino. Cha Julia akakipiga mnada eBay. Mei 2000 jopo la WIPO, Shirika la Dunia la Miliki Ubunifu, liliamuru akikabidhi kwa mwigizaji Julia Roberts, ingawa mwigizaji huyo hakuwa amelisajili jina lake kama alama ya biashara; umaarufu ulitosha. Na ule mnada? Uliingizwa kwenye ushahidi dhidi ya muuzaji. Kanuni za 1999 za ICANN, shirika linalosimamia majina ya vikoa, ziko wazi: ukisajili ili umuuzie mwenye alama kwa bei inayopita gharama zako, hiyo ni dalili ya nia mbaya. Yaani mpango wa biashara wenyewe ndio unaomfunga mfanyabiashara. Kwa mwenye jina, ada ya shauri mbele ya mwamuzi mmoja ni dola 1,500. Ongeza ya wakili, halafu niambie nani atakupa mamilioni.

Najua mtanitajia mwanamuziki Bruce Springsteen. Kweli, mwaka 2001 alishindwa shauri la kudai brucespringsteen.com, wajumbe wawili kwa mmoja. Ila aliyeshika kikoa hakuonekana kumtaka hata senti, na Springsteen aliendelea zake na brucespringsteen.net. Ushindi wa namna hiyo haujazi mfuko.

Majina mafupi ya kwanza, yale yanayobebwa na mamilioni ya watu, yana thamani, sibishi. Yalishachukuliwa zamani.

Yanabaki majina ya watu wa kawaida. Hapo hakuna atakayekushtaki, wala atakayenunua. Mwenye duka Kariakoo aitwaye Juma Hamisi ameandika namba yake ya WhatsApp kwenye kibao na wateja wanampata. Mpelekee kikoa chenye jina lake kwa laki tano, atakuuliza kama kinakuja na mzigo.