IJUE SHERIA: Kamati ya Maafa Ikutane Kabla ya Mvua



Mwezi huu tunazungumza juu ya maafa. Maafa ni tukio kubwa la hatari. Linaua watu, linabomoa nyumba, linaharibu mashamba na mifugo, na watu wa mahali pale hawawezi kujinusuru kwa nguvu zao peke yao. Mafuriko ni maafa. Moto mkubwa ni maafa. Ukame na kipindupindu vyaweza kuwa maafa.

Watu wengi wakisikia neno hili hufikiri juu ya mahema, unga na mablanketi. Yaani hufikiri juu ya siku ya pili, maji yakiwa yamekwisha kupita. Hata sheria yetu ya zamani ilitazama sana upande huo. Sheria ile ilitungwa mwaka 1990. Jina lake lilitaja kuratibu misaada ya maafa. Kuratibu misaada ni kazi njema, lakini msaada huja baada ya msiba.

Mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria nyingine. Kisha mwaka 2022 likatunga Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022. Hii ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya 2015. Sasa jina ni usimamizi. Kusimamia maafa ni kuyazuia yale yanayozuilika, kujiandaa kwa yale yasiyozuilika, kuokoa watu yanapotokea, na kuwarudisha watu katika maisha yao baadaye. Msaada ni sehemu moja tu ya kazi hiyo.

Watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa maana ya mafuriko. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika. Tuta la kuzuia maji lilibomoka. Maji yaliingia mjini na vijijini. Maelfu ya watu walikosa makazi wakahamia kwenye mahema. Reli ya Kati iliharibika vibaya kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za abiria zilisimama kwa miezi kadhaa. Miaka minne baadaye, Januari 2014, maji yalikuja tena katika wilaya hiyo hiyo, safari hii upande wa Dumila na Magole. Daraja la Dumila liliharibika na barabara ya Morogoro kwenda Dodoma ikakatika.

Hapa kuna jambo la kuangalia sana. Mkondoa hauanzi Kilosa. Maji yake mengi yanatoka mbali, katika nchi kavu ya Dodoma, upande wa Kongwa na Mpwapwa. Huko mto unaitwa Kinyasungwe. Unapita Gulwe, unapita Kidete, unateremka kati ya milima mpaka Kilosa. Kisha maji hayo huingia Wami na kwenda baharini. Kwa hiyo mtu wa Kilosa anaweza kulala usiku wenye nyota, bila tone la mvua juu ya bati lake, na alfajiri akakuta maji mlangoni. Mvua imenyesha kwa jirani, gharika imefika kwake.

Basi mtu asingoje kuona wingu. Anahitaji habari kutoka juu ya mto. Na habari haiji yenyewe. Lazima awepo mtu wa kuipeleka na mtu wa kuipokea. Hapo ndipo sheria inapotuhusu sisi wa vijijini.

Sheria ya mwaka 2022 imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya, mpaka kata na kijiji au mtaa. Mkuu wa Wilaya anaongoza kamati ya wilaya. Katika taifa kazi hii iko Ofisi ya Waziri Mkuu, ambako kuna idara yake ya maafa. Lakini maji hayaanzi kuingia ofisini. Huingia kitongojini. Kwa hiyo kamati ya kijiji ndiyo iliyo karibu zaidi na hatari, na ndiyo itakayofanya kazi katika saa za kwanza, kabla gari lolote halijafika kutoka wilayani. Mara nyingi gari hilo haliwezi kufika, kwa sababu daraja limekwenda.

Muulize mwenyekiti wako wa kijiji: Kamati yetu ya maafa ni akina nani? Ilikutana lini mara ya mwisho? Usiulize kwa ugomvi. Uliza katika mkutano mkuu wa kijiji, mbele ya watu, kwa adabu. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Kama jibu ni kwamba kamati ipo kwenye karatasi tu, basi mmekwisha kupata ajenda ya siku hiyo.

Kamati ifanye nini wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa kavu na watu wakiwa na nafasi? Ianze kwa kutembea. Wajumbe wafuate mto kwa miguu. Wawachukue wazee waliokuwapo mwaka 2010, waonyeshe maji yalifika wapi: kwenye mwembe ule, kwenye dirisha la shule ile. Alama hizo zipakwe rangi. Kijana aliyezaliwa mwaka 2012 hajui, na huenda ndiye anayefyatua matofali ya kujenga hapo hapo.

Watazame na tuta. Tuta likichimbwa udongo wa matofali, likilimwa mahindi, au likikanyagwa na ng'ombe kila siku wakienda kunywa, hudhoofika. Shimo la panya tu laweza kuwa mlango wa maji. Kuziba ufa mwezi wa Septemba ni kazi ya watu kumi na majembe. Kuuziba mwezi wa Januari haiwezekani.

Kisha yaandikwe majina. Nani katika kitongoji hiki hawezi kukimbia? Bibi asiyeona, mama aliyejifungua juzi, mtoto mwenye ulemavu, mgonjwa wa kitandani. Kila mmoja apewe jirani wawili wa kumbeba, na jirani hao wajue. Si kazi ya kusema "tutasaidiana". Siku ya maji kila mtu anashika watoto wake, na aliyeachiwa wote huachwa na wote. Hapa ndipo ninyi mliojifunza kusoma na kuandika ukubwani mnaweza kusaidia sana. Daftari moja la kurasa 40 linatosha kitongoji kizima. Liandikwe mara mbili: moja likae kwa mwenyekiti wa kitongoji, jingine kwenye nyumba iliyo mlimani. Daftari lililolowa halisomeki.

Ichaguliwe na sauti ya hatari. Simu za mkononi ni nzuri, lakini usiku nyingine zimezimwa, nyingine hazina chaji. Kipande cha reli kilichotundikwa shuleni kinasikika mbali. Ngoma pia. Watu wakubaliane ni milio gani ni ya maji na si ya msiba wala ya masomo. Kisha wajaribu siku moja, watu wote wapande mpaka mahali pa juu palipochaguliwa. Watoto watafurahi, wazee watacheka. Si neno. Njia itakuwa imejulikana.

Habari za mvua hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Ukisikia redioni maneno haya, yatofautishe. "Angalizo" lina rangi ya njano. "Tahadhari" ina rangi ya chungwa. "Tahadhari kubwa" ni nyekundu. Mtu wa Kilosa asisikilize Morogoro tu. Asikilize na Dodoma, kwa sababu ile tuliyokwisha kuieleza. Kamati ikiwa na namba ya simu ya mtu mmoja wa Gulwe na mmoja wa Kidete, imepata saa kadhaa ambazo haiwezi kuzinunua kwa fedha.

Sasa tuje kwenye jambo gumu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au za kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Nayo Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitaja ardhi hiyo ya mita 60 miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa ardhi ya hatari.

Kila mkulima wa bondeni anajua kwamba hatua hizo 80 ndizo zenye udongo mweusi na unyevu wa kiangazi. Hapo ndipo penye mboga, mahindi ya kuchoma na ada ya shule. Kumwambia mtu aondoke bila kumwonyesha pa kwenda ni maneno matupu, hasa katika wilaya hii ambayo wakulima na wafugaji wamegombania ardhi kwa miaka mingi. Sheria ni sheria, na safu hii haiwezi kumwambia mtu aivunje. Lakini kama ningeulizwa kamati ianze wapi, ningesema ianze na nyumba. Bustani ikichukuliwa na maji, mtu hulia na kupanda tena. Mtoto aliyelala haoteshwi. Halmashauri ya kijiji itafute kwanza viwanja juu kwa wanaolala ukingoni, ndipo lizungumzwe la mashamba. Kijiji kina uwezo wa kupendekeza sheria zake ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Zikijadiliwa na mkutano mkuu, na Halmashauri ya Wilaya ikizipitisha, zina nguvu.

Si maji peke yake. Toka Kilosa uende kusini, upite Ulaya, utafika Mikumi. Hapo hatari ya kila siku iko barabarani. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati ya mji na katikati ya hifadhi, na malori ya mafuta hupita mchana na usiku. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, mjini Morogoro. Watu walikimbilia na madumu kuchota petroli. Moto ulilipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengi wao vijana. Wengine walikuwa wapita njia, hawakushika hata kikombe.

Kamati ya Mikumi na ya vijiji vyote vya kando ya barabara hiyo ina mpango wake wa kuandika, usio wa mitumbwi wala tuta. Lori likianguka, watu wazuiwe mbali. Mama lishe azime jiko. Asiwashe mtu sigara wala pikipiki. Mtu mmoja apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, mwingine awahi kituo cha polisi. Na jambo hili lisemwe nyumbani, shuleni, msikitini na kanisani kabla halijatokea, kwa maana siku lori limelala pembeni na mafuta yanatiririka bure, dumu lina sauti kubwa kuliko mjumbe wa kamati.

Wengine huuliza juu ya Rais. Katiba, ibara ya 32, inampa Rais madaraka ya kutangaza hali ya hatari katika nchi nzima au sehemu yake. Tukio la balaa au baa la mazingira linalotishia jamii ni moja ya sababu zinazotajwa. Akitangaza, nakala hupelekwa kwa Spika, naye huitisha Bunge ndani ya siku 14 ili lijadili tangazo hilo. Hayo ni madaraka makubwa na hayatumiki kwa kila mto uliofurika. Mtu asikae akingoja tangazo ndipo ahamishe mama yake. Kamati ya kijiji haihitaji tangazo la Rais ili kupiga kipande cha reli.

Mkishakutana, andikeni muhtasari. Nakala moja mpeleke kwa Mtendaji wa Kata. Ukitaja ufa wa tuta, taja mahali, urefu wake kwa hatua, na tarehe mliyouona. Barua yenye tarehe ni vigumu kuikana.

Mwezi ujao tutaeleza hatua kwa hatua jinsi kijiji kinavyotunga sheria ndogo, tangu kikao cha halmashauri ya kijiji mpaka muhuri wa wilaya.