Jua Pekee Halioteshi Bahari

Mwanafunzi akiulizwa ni nini huotesha vimea vya bahari za baridi, aghalabu hujibu upesi: jua. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Mwalimu anayelitia alama ya vema na kupita, naona anamnyima mwanafunzi somo lenyewe.

Tuitazame Ghuba ya Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Wakati wa kipupwe, pepo kali na baridi huyavuruga maji, na nitrati, fosfati na silika hupanda kutoka chini. Chakula kipo tele, lakini fitoplanktoni, yaani vimea hivyo visivyoonekana kwa macho, huvutwa gizani. Majira ya machipuko yafikapo, siku hurefuka, nalo joto la jua pamoja na maji matamu ya mito huunda tabaka jepesi juu ya bahari. Vimea hubaki mwangani, vikazaana mno. Penye kina kifupi, kama Georges Bank, havilingoji tabaka hilo, kwa kuwa sakafu ya bahari huvizuia kuzama mbali.

Sasa tujiulize: mbona katika maji yenye tabaka vimea hupungua mwezi wa Julai, ilhali jua ni kali kuliko la Aprili? Ni kwa sababu virutubisho vya juu vimekwisha, na wanyama wadogo wanazidi kuvila.

Hata wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 1953 Harald Sverdrup wa Norway alieleza kwamba ongezeko huanza maji yanapoacha kuchanganyika kupita kina fulani. Mwaka 2010 Michael Behrenfeld wa Marekani alimpinga kwa takwimu za setilaiti kutoka Atlantiki Kaskazini: ongezeko huanza katikati ya kipupwe, maana maji yakichanganyika hadi chini, walaji na vimea hutawanyika, na kuliwa kukapungua.

Huenda mtu akasema mtihani wataka jibu moja. Lakini mtoto wa mkulima ajua kwamba mbolea bila mvua haizai, na mvua bila palizi ni kazi bure. Ujuzi huo anao kabla hajaingia darasani. Kwa nini tumpokonye?

Walimu, tuwaulize wanafunzi wetu: katika majira haya, ni kipi kilichopungua? Swali hilo litamfaa mwanafunzi baharini, shambani na hata maishani, siku ambayo jibu la kukariri litakuwa limesahaulika.