AFYA YETU: Vijidudu Vinavyolala



Wewe ni mkulima. Kazi ya palizi unaijua. Unapalilia kibanja chako mpaka kinakuwa safi. Mvua ikinyesha, magugu yanaota tena. Yametoka wapi? Yametoka kwenye mbegu zilizokuwa zimelala ardhini. Jembe huua gugu lililoota. Mbegu iliyolala hubaki.

Kifua kikuu nacho kiko hivyo. Huletwa na vijidudu viitwavyo bakteria. Ni vidogo sana, havionekani kwa macho. Vingi vinakua na kuzaana. Lakini vichache vinalala.

Dawa huua upesi vijidudu vilivyo macho. Vilivyolala vinavumilia, vinakufa polepole. Hiyo ndiyo faida yao ya kulala. Lakini hasara ipo pia. Kijidudu kilicholala hakizai. Kama vyote vingelala, visingeongezeka. Kama vyote vingekuwa macho, dawa ingevimaliza mapema. Kwa hiyo vingi vinazaana, vichache vinangoja.

Ndiyo maana dawa humezwa kwa muda mrefu. Kwa kawaida mtu mzima humeza dawa kwa miezi 6. Miezi 2 ya kwanza humeza dawa za aina 4. Miezi 4 inayofuata humeza za aina 2.

Hapa ndipo penye hatari. Baada ya wiki chache kikohozi kinapungua. Unapata hamu ya kula. Unarudi shambani kuchuma kahawa. Unasema, "Nimepona," unaacha dawa. Ndugu, hujapona. Vilivyolala bado vimo kifuani. Vitaamka na kuzaana. Utaugua tena, na utawaambukiza watoto wako.

Liko jambo baya zaidi. Kijidudu kilicholala si sugu. Kikiamka, dawa ile ile itakiua. Lakini ukimeza dawa leo, kesho ukaacha, wanaweza kutokea vijidudu sugu. Hivyo haviogopi dawa hizo hata vikiwa macho. Matibabu yake ni magumu. Yalipoanza nchini mwaka 2009, wagonjwa walipelekwa Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro. Kutoka Kayanga au Nkwenda, huko ni mbali sana.

Mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Basi fanya hivi:

1. Ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda zahanati ukapimwe.
2. Ukipewa dawa, meza kila siku. Mtu wa nyumbani akuangalie unapomeza.
3. Dawa ikikusumbua, mwambie mganga. Usiiache mwenyewe.
4. Ukisafiri, chukua dawa zako za kutosha.
5. Usimgawie mwingine dawa zako.

Mkulima hodari hapalilii mara moja akaenda kulala. Hurudi shambani mpaka magugu yaishe. Nawe meza dawa mpaka siku ya mwisho.