Bangi Ina Miaka 30, Usukani Hauna Mwenyewe

Pale Nangurukuru, njia panda ambapo barabara ya Kilwa Masoko inaiacha ile kubwa ya Dar es Salaam na Lindi, vijana wa bodaboda hukaa kivulini wakingoja mabasi. Kaa nao nusu saa tu, utausikia mjadala wa Bunge bila kupanda gari la Dodoma. Mmoja atakwambia bangi iruhusiwe, ni mmea kama mchicha. Wa pili atasema siku itakayoruhusiwa, ndiyo siku nchi imekwisha. Wa tatu atacheka tu, macho mekundu kama kaa la moto. Mara basi linatokea, konda anapiga bodi, na wote watatu wanarukia pikipiki kugombea abiria. Mjadala umekwisha. Na swali moja halikuulizwa: kati ya hao watatu, nani anafaa kumbeba bibi yangu mpaka Kivinje?

Ni kwa ajili ya swali hilo nimeshika kalamu. Najua nitawaudhi washikaji, na nitawaudhi wazee. Haidhuru.

Tuanze na waheshimiwa. Mwaka 2019 baadhi ya wabunge wetu walisimama wakaitaka serikali ifikirie kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa na fedha za kigeni. Hawakuwa wameota. Lesotho ilianza kutoa leseni mwaka 2017, Malawi ikatunga sheria yake 2020, Rwanda ikafungua mlango 2021, nayo ikasema wazi kwamba ni ya kuuza nje, mwananchi asiiguse. Kenya, mbunge wa Kibra, marehemu Ken Okoth, aliandaa muswada mwaka 2018 ili watu wasifungwe kwa kuvuta. Mwaka 2022 George Wajackoyah akagombea urais na jani lenyewe mkononi. Uganda, mahakama iliitengua sheria ya dawa za kulevya Mei 2023 kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi, na kabla mwaka haujaisha Bunge likatunga nyingine.

Sasa zisikilize hoja zote hizo, halafu uhesabu. Ni mbili tu. Wa upande huu anasema fedha, wa upande ule anasema jela. Barabara haimo. Wanajadili shamba na gereza, lakini njia inayotoka shambani kwenda gerezani hakuna anayeitazama, na humo njiani ndimo tunamokufa sisi.

Sheria yenyewe inasemaje? Ile ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya ni kali kama upupu. Ukilima bangi, kifungo ni miaka 30. Mtu aliyepanda mashina yake porini atatoka gerezani mjukuu wake ana ndevu. Kisha fungua Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Hii nayo inakataza kuendesha ukiwa umetawaliwa na pombe au dawa. Pombe imewekewa namba, miligramu 80 katika mililita 100 za damu, na trafiki anaweza kukupulizisha kifaa. Kwa bangi hakuna namba. Yapo maneno tu: uwe umelewa kiasi cha kushindwa kukimudu chombo. Nani atasema umeshindwa? Anayejua kunusa.

Nitoe kisa. Kijana mmoja tuliyesoma naye alivuta mchana nyuma ya duka, kisha akapakia mshikaki, abiria wawili mgongoni, akaondoka. Hakufika mbali. Alimgonga mzee mwenye baiskeli na tenga lake la samaki, mguu ukavunjika. Kijana akakamatwa, na mfukoni zikakutwa kete mbili. Basi, tangu hapo kesi ikawa kete. Kete umetoa wapi, nani kakuuzia, mwenzako nani. Mguu wa mzee ukaenda kuzungumzwa barazani, familia mbili zikapatana gharama za matibabu, wakasomeana dua, yakaisha. Nilikwenda kumjulia hali. Nikamwamkia, shikamoo babu. Akaitikia, akanitazama, akasema:

“Mjukuu wangu, hivi wale walikuwa wanaitafuta bangi, au walikuwa wanamtafuta aliyenigonga?”

Sikuwa na jibu. Mzee anachechemea mpaka leo, na jibu bado sina.

Sasa nigeuke kwenu, washikaji wa kijiweni, mnaosema ndumu inaongeza macho. Mnasema mwenye pombe anapepesuka ila mwenye jani ametulia, anaiona hata sindano barabarani. Huo ni uongo, na mnaujua. Bangi huchelewesha mkono kufuata jicho. Hupotosha kipimo cha muda, ukadhani sekunde chache ni nyingi. Humfanya dereva ashindwe kushika mstari wake. Ukiongeza na pombe juu, madhara yanazidi. Huo utulivu mnaousifu ni wa mtu asiyejua kuwa amechelewa.

Na sisi wa Kilwa ndio tusingetakiwa kudanganywa namna hiyo. Nchi hii ya kusini iliwahi kuambiwa kwamba kuna dawa, ukiinywa risasi inageuka maji. Wale wazee wa 1905 walikuwa na sababu ya kuamini, walikuwa wanaonewa, na umoja walioupata ndio fahari yetu. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa huku huku Kilwa, aliwaandikia tamthilia yake mwaka 1969. Lakini risasi haikugeuka maji. Wewe wa bodaboda, nani anakuonea hata uamini kwamba lori la mchanga litageuka moshi?

Msishangilie bado, nyinyi wa miaka 30. Zamu yenu imefika.

Mnasema mkifunga wote barabara zitakuwa salama. Miaka mingapi mnafunga? Barabara ya Kibiti hadi Lindi imekuwa salama? Dereva anayesinzia kwa sababu tajiri anataka gari lirudi usiku ule ule, mnamfunga? Mtu mzima aliyetoka baa na shingo yake ya tai, anapokamatwa amelewa usukanini, adhabu yake haikaribii hata kidogo ile ya mkulima wa mashina matano. Viroba vilikuwa vinaning'inia kila genge, vijana wanavimeza asubuhi kama chai, na vilipigwa marufuku Machi 2017, baada ya miaka mingapi ya misiba? Hakuna aliyefungwa miaka 30 kwa kiroba. Kumbe kinachoadhibiwa ni jina la ulevi, hatari yenyewe imeachwa.

Halafu yupo fundi wa tatu, msomi, anayesema tuige Ulaya, tuweke namba ya bangi kwenye damu kama ya pombe, mambo yaishe. Rahisi hivyo? Pombe hupungua mwilini kwa mpangilio, saa kwa saa, na kipimo chake kinakaribiana na ulevi wenyewe. THC, ile kemikali inayolevya ndani ya bangi, huingia kwenye mafuta ya mwili ikajificha humo. Aliyevuta saa mbili zilizopita anaweza kuwa na namba ndogo na bado amelewa. Mvutaji wa kila siku anaweza kuwa nayo damuni siku kadhaa baada ya kuacha, akiwa mzima kama mimi na wewe. Mkojo ndio kabisa, unaweza kusimulia habari za wiki zilizopita. Ndiyo maana wenzetu hawakubaliani. Kanada, walipohalalisha mwaka 2018, waliweka kosa dogo kuanzia nanogramu 2 kwa mililita ya damu na kubwa kuanzia 5. Ujerumani ilihalalisha Aprili 2024, na Agosti mwaka huo ikaweka 3.5 kwenye seramu ya damu. Colorado kule Marekani wana 5, lakini hata ukizifikisha una nafasi ya kujitetea kwamba uliweza kuendesha. Wenye maabara kila mtaa bado wanabishana, sisi tutaiga namba ipi?

Basi nasema hivi, na atakayenipinga aandike toleo lijalo.

Kwanza, tutenganishe maswali. Mtu kuwa na bangi ni swali moja. Mtu kuwa usukanini amelewa ni swali jingine, na hili la pili haliwezi kungoja la kwanza lipate jibu. Tuhalalishe au tusihalalishe, waliolewa bangi wapo barabarani leo.

Pili, trafiki afundishwe kupima uwezo kwa utaratibu ulioandikwa: kusimama kwa mguu mmoja, kutembea mstari, kufuata kidole kwa macho, na majibu yaandikwe mbele ya shahidi. Kipimo cha mate kiongezwe pale kitakapopatikana, kiwe ushahidi wa kusaidia, kisiwe hukumu. Pua ya mtu mmoja isimpeleke mtu jela, na wala isimwachie.

Tatu, anayebeba watu kwa malipo, awe wa basi, wa hiace au wa bodaboda, asiruhusiwe kileo chochote akiwa kazini. Hapo sina huruma. Nauli ya bibi yangu imelipia na akili ya dereva.

Nne, miaka 30 ipunguzwe. Sisemi hivyo kwa kuwa napenda moshi. Hapa Kivinje tunaujua ukali wa sheria kuliko wengi. Tunao Mwembe Kinyonga, na Mjerumani alimnyonga Hassan bin Omari Makunganya hapa mwaka 1895. Alidhani kamba itawatuliza watu. Miaka 10 baadaye kusini nzima iliwaka.

Nimalizie na nyinyi waandishi wenzangu, maana wengine mnanicheka sasa hivi. Mmekuwa na desturi ya kuandika kwamba shairi halishuki bila msuba, kwamba msanii lazima awe na moshi. Andika lolote, karatasi haivunjiki mguu. Lakini kijana wa Nangurukuru anayekusoma haendeshi karatasi. Ukimwambia moshi ni hekima, ataondoka na hekima yako akiwa amepakia watu wawili, na majeruhi wa barabara hii wataletwa hapa hapa Kivinje, hospitali ya Kinyonga, si kwenye meza yako ya kuandikia.

Kesho bibi yangu anarudi kutoka Somanga. Atashuka Nangurukuru saa kumi. Nitakwenda kumpokea mwenyewe, na kabla hajapanda nitamtazama kijana machoni. Hicho ndicho kipimo pekee nilichonacho, na naona haya kusema kwamba hata serikali haina kingine.