Mpiga Picha Naye Alipwe

Kamati nyingi za harusi hapa Tanzania hukaa vikao vingi kuhusu chakula, mapambo na muziki, na mpiga picha hukumbukwa siku za mwisho. Ndipo husikika: "Tumwambie yule kijana wetu wa kwaya, hatatutoza." Mwezi huu tumwangalie kijana huyo, na tumwangalie pia bibi harusi anayesubiri picha zake mwezi wa tatu sasa. Mara nyingi shida zao zina mzizi mmoja.

Zamani mpiga picha aliishi kwa kuuza nakala. Mkanda wa filamu ulitoa picha 36, akazisafisha, na wageni wakanunua moja moja. Leo kila mgeni ana simu, na picha zikishatumwa huko ni wachache wanaonunua nakala. Hata Kodak, kampuni iliyotajirika kwa filamu, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Basi mpiga picha wa leo hauzi karatasi. Anauza siku yake, pamoja na kazi ya siku zinazofuata.

Tupige hesabu. Kamera ya Canon EOS 5D Mark III, iliyotoka mwaka 2012, ilikadiriwa na watengenezaji kupiga picha kama 150,000 kabla kifaa chake cha ndani hakijachoka. Harusi moja ikichukua picha 1,500, hizo ni harusi 100. Tuseme imenunuliwa ikiwa imetumika kwa shilingi 2,000,000: kila harusi inakula shilingi 20,000 za kamera peke yake, bila lenzi, betri, nauli wala msaidizi. Kisha picha 400 zikichaguliwa, na kila moja ikarekebishwa kwa dakika mbili, hizo ni dakika 800, yaani zaidi ya saa 13. Anayesema "si anabonyeza tu" hajayahesabu haya.

Sisi wauguzi tulifundishwa kwamba kisichoandikwa kwenye faili la mgonjwa huhesabiwa hakikufanyika. Mapatano ya picha nayo yaandikwe, hata ukurasa mmoja, hata kama ni mtoto wa jirani:

1. Saa ya kuanza na ya kumaliza, na malipo ya saa za ziada. Sherehe zetu tunazijua.

2. Idadi ya picha, albamu kama ipo, na tarehe ya kukabidhi.

3. Malipo kwa awamu: nusu siku ya kupatana, robo siku ya sherehe, robo siku ya kukabidhi. Hivyo kila upande una sababu ya kutimiza ahadi.

4. Nani atakuja mpiga picha akiugua, na picha zihifadhiwe mahali pawili.

5. Picha zipi anaweza kuzitumia kutangaza kazi yake. Za watoto, wazazi waulizwe kwanza. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023.

Kama fedha hazitoshi, tuseme wazi na tupunguze kazi: apige ibada na keki tu, kisha aende nyumbani. Hilo ni bora kuliko kuahidi kikubwa halafu kutopokea simu yake. Akitaka kutoa kazi yake kama zawadi, aseme mwenyewe, tusimsemee.

Nawe mama ambaye mumeo au mwanao anaishi kwa kamera, mshikie daftari. Aandike malipo ya awali, salio na tarehe, na kila kazi atenge fungu la kamera inayofuata. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kamati ikikaa wiki hii, fungu la mpiga picha liingie kwenye bajeti siku ile ile linapoingia la mpishi.